Macho, Mkono na Ulimi: Uhakiki wa Mifumo ya Kompyuta za Mkononi na za Kuvaliwa

1. Utangulizi

Limekuwa jambo la kawaida kwa mwanafunzi anayekwenda nyanjani kukusanya ngano, methali au istilahi za wavuvi kuchukua simu au kishikwambi mahali pa daftari na kinasa sauti. Kabla ya safari huulizwa swali moja: kitumike kifaa cha aina gani? Mara nyingi swali hili huachiwa fundi au mwuza duka, naye hulijibu kwa orodha: kasi, ukubwa wa kumbukumbu, ubora wa kamera, bei. Mtaalamu wa lugha hukaa kimya, akiamini kwamba jambo lenyewe halimhusu. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba kimya hicho hakina msingi, na kwamba uchaguzi wa mfumo wa uendeshaji wa kifaa kidogo ni suala la uhakiki ambalo sisi tuna zana za kulichambua.

Mfumo wa uendeshaji, au mfumo endeshi kama wengine wapendavyo kuuita, ni programu ya msingi inayosimamia kifaa chote: hugawa kumbukumbu na nguvu za betri, huamua ni nini kionekane kwenye kioo na kwa njia gani mtumiaji ataingiza maneno yake. Mtumiaji wa kompyuta ya mezani ameketi. Macho yake, mikono yake na fikira zake vyote vimeelekea kwenye mashine. Mtumiaji wa kompyuta ya mkononi, na zaidi ile ya kuvaliwa, amesimama, anatembea, au anazungumza na mtu mwingine. Tofauti hii si ndogo. Wanafasihi simulizi wamekwisha kutufundisha kwamba ngano haihukumiwi kwa maneno yaliyochapwa peke yake, bali kwa utendaji: nani anasimulia, mbele ya nani, wapi, na kwa ishara zipi. Hoja yetu ni kwamba mifumo hii nayo haina budi kuhukumiwa kwa utendaji, si kwa orodha ya uwezo wake. Tutauliza maswali matatu: macho ya mtumiaji yako wapi, mkono wake unafanya nini, na ulimi wake unasikilizwa au haukusikilizwa. Swali la tatu ndilo lililosahauliwa zaidi, nalo ndilo letu.

2. Macho

Mfano ulio bora kabisa wa suala la macho ulitokea hapa Kenya. Mwaka 1998 Jason Pascoe, Nick Ryan na David Morse wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, walitoa ripoti juu ya mtaalamu wa ikolojia aliyekuwa akichunguza tabia za twiga nchini mwetu kwa msaada wa PalmPilot iliyounganishwa na kipokezi cha GPS. Mwaka 2000 walichapisha makala marefu zaidi juu ya matumizi ya kompyuta na mtu aliye katika mwendo. Walibainisha sifa nne za mfanyakazi wa nyanjani: hana mahali maalumu pa kukaa, umakini wake umekwisha kuchukuliwa na kile anachokitazama, matukio humjia kwa kasi, na kazi yake hutegemea mazingira aliyomo. Twiga hangoji mtu amalize kuandika. Kwa hiyo walipendekeza mfumo unaodai umakini mdogo iwezekanavyo, ambao mtu anaweza kuutumia kwa vidole huku macho yakibaki kwa mnyama, na mashine yenyewe ikijaza mahali na saa.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona uhusiano. Badala ya twiga mweke mzee anayesimulia, na sifa zote nne zinabaki palepale. Mkusanyaji anayeinamisha kichwa kwenye kioo kila sentensi amekwisha kuacha kuwa hadhira, na fanani asiye na hadhira hufupisha ngano yake. Hapo kifaa kimeharibu kile kilichopelekwa kukihifadhi.

Kwa kipimo hiki tunaweza kulinganisha mifumo miwili iliyotokea mwaka mmoja. Pilot ya kampuni ya Palm ilitoka mapema mwaka 1996 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, na ilitumia betri mbili ndogo za kawaida zilizodumu kwa majuma. Mbuni wake, Jeff Hawkins, alitembea na kipande cha mbao mfukoni kabla kifaa hakijaundwa, akijifanya anaandika juu yake kila alipohitaji kutazama miadi. Kwa maneno yetu, alihakiki utendaji kabla ya matini. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo Microsoft walitoa Windows CE. Mfumo huu ulikuwa na uwezo mwingi zaidi, na nyaraka zake zilipatana na zile za ofisini, jambo ambalo hatuwezi kulidharau. Lakini ulihamisha kwenye kiganja fani nzima ya meza: kitufe cha kuanzia pembeni, ukanda wa kazi chini, menyu ndani ya menyu. Ni kama mtu aliyeombwa methali akaleta riwaya iliyopunguzwa maandishi. Riwaya iliyopunguzwa maandishi haiwi methali. Huwa riwaya isiyosomeka. Ufupi ni utanzu wenye kanuni zake, na Palm waliufahamu mapema.

3. Mkono

Katika suala la mkono mjadala ni huu: nani ajifunze kwa nani? Apple, walipotoa kifaa chao cha Newton mwaka 1993, waliahidi kwamba mashine ingejifunza mwandiko wa mwanadamu. Ahadi ilikuwa ya kiungwana, lakini katika matoleo ya mwanzo ilishindwa hadi ikawa mzaha magazetini, na mwaka 1998 Newton iliachwa. Lililo muhimu kwetu ni namna ilivyosoma: iliegemea msamiati iliopewa, ikalinganisha mchoro wa mkono na maneno iliyoyajua. Mtu anayeandika lugha isiyokuwamo katika msamiati huo hana budi kusomewa lugha nyingine.

Palm waligeuza uhusiano huo. Mwanadamu ndiye aliyetakiwa kujifunza mwandiko wa mashine, ulioitwa Graffiti, ambamo karibu kila herufi iliandikwa kwa mkokoto mmoja. Yamkini mtu angedhani huu ni udhalimu, kumbe kwa msemaji wa Kiswahili ulikuwa na haki fulani: mashine haikukisia maneno, iliandika herufi ilizopewa, na kwa sababu hiyo haikubagua lugha. Hata hivyo, alama za uandishi zilihitaji kwanza kuguswa kwa nukta, kisha mkokoto wake. Katika lugha ambamo alama ya ritifaa ni pambo hili ni jambo dogo. Katika Kiswahili, ambamo ritifaa hutenganisha fonimu mbili, ni jambo zito. Mwandishi mwenye haraka huiacha, na *ng'oa* huwa *ngoa*: kitendo cha kutoa mzizi ardhini kimekuwa wivu wa moyoni. Mkusanyaji wa istilahi za wakulima angerudi nyumbani na daftari la mahaba.

Kisha ikaonekana kwamba hata mwandiko una mwenyewe. Xerox waliishtaki kampuni ya Palm mwaka 1997 wakidai haki ya ubunifu wa herufi za mkokoto mmoja, na mwaka 2003 Palm walileta mwandiko mwingine, Graffiti 2. Waliokwisha kuuzoesha mkono mwandiko wa kwanza walitakiwa kuuzoesha upya. Ni mara chache katika historia ya maandishi abjadi kubadilishwa kwa ajili ya kesi.

Mwaka 2005 kampuni ya Fossil iliuza saa iliyobeba mfumo uleule wa Palm, na kalamu ndogo iliyofichwa ndani ya bakoli ya mkanda. Ni kazi ya ufundi wa kustaajabisha, na pia ni kosa lilelile la Windows CE kwa kipimo kidogo zaidi. Kilichokuwa sahihi kiganjani kilihamishwa hadi kwenye kifundo cha mkono bila kubadilishwa. Aliyevaa saa hiyo, ili aandike neno moja, alihitaji mikono yote miwili: mmoja kuwa meza na mwingine kuwa mwandishi. Haikudumu sokoni.

IBM walikuwa wamejaribu njia nyingine mwaka 2000, walipoingiza Linux ndani ya saa. Walichagua Linux kwa kuwa msimbo wake uko wazi na wengi waliujua, hivyo watafiti wangeweza kuurekebisha watakavyo. Walipofika kwenye kioo chenye nukta zinazojitolea mwanga wenyewe, waligundua kwamba kila nukta inayowaka hula betri. Kwa hiyo sura nzuri ni ile yenye giza jingi na maandishi machache. Hapa umbo la kifaa lenyewe lilidai uchache wa maneno. Mgogoro huu haujaisha. Pebble, saa iliyochangiwa fedha na umma mwaka 2012, ilichagua kioo kisicho na mbwembwe na betri ya siku saba hivi. Apple Watch ya mwaka 2015 ilichagua picha nzuri na betri ya saa 18. Anayekwenda kukaa juma zima katika kijiji kisicho na umeme hahitaji mhakiki kumwambia ipi kati ya hizo imemfikiria.

4. Ulimi

Tumefika mahali pa mtaalamu wa lugha. Ni kweli kwamba leo Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Android, na watu wengi huridhika na hilo. Lakini kuwamo katika orodha si kusikilizwa. Tuchunguze mambo matatu: upatanisho wa kisarufi, ubashiri wa maneno, na sauti.

Kwanza, upatanisho. Mfumo wa kifaa kidogo huzungumza kwa vipande vya sentensi vyenye pengo. Mtayarishaji huandika kwamba kitu fulani kimefutwa, akaacha pengo la jina la kitu, na kitenzi kikabaki kilekile kwa kila jina. Katika Kiswahili haiwezekani: picha *imefutwa*, ujumbe *umefutwa*, faili *limefutwa*, kitabu *kimefutwa*. Kanuni za kimataifa zinazofuatwa na mifumo hii hutambua kwa Kiswahili umoja na wingi basi. Ngeli hazina nafasi. Mfasiri aliyeletewa orodha ya vipande bila kuonyeshwa majina yatakayojaza pengo huweka kiambishi *i-* kila mahali, na mashine huanza kusema kama mgeni aliyeshuka bandarini jana. Dawa ipo, nayo imo katika sarufi yenyewe: kitenzi-jina. Mashine ikisema *Kufuta kumekamilika*, kisha ikataja jina la kitu, upatanisho utakuwa sahihi kwa ngeli zote, kwa umoja na kwa wingi. Dawa hii haihitaji fundi kubadili hata mstari mmoja wa msimbo. Inahitaji tu mtu anayejua ngeli awepo mezani siku vipande vinapofasiriwa.

Pili, ubashiri. Kibodi ya kifaa kidogo hujaribu kulikamilisha neno kutokana na herufi zake za mwanzo. Njia hii inafaa sana lugha ambazo mzizi hutangulia. Kitenzi cha Kiswahili hutanguliza nafsi, njeo, urejeshi na yambwa. Maana huja baadaye. Chukua *atakapowasomesha*: mzizi *-som-* huanza kwenye herufi ya 10. Anayeandika amekwisha kutoa jasho lote kabla mashine haijapata la kukisia. Aidha, mzizi mmoja huzaa maumbo maelfu, wala hakuna msamiati wa maneno mazima unaoweza kuyamaliza. Hivyo mashine hulipigia mstari mwekundu neno sahihi, au, vibaya zaidi, hulibadili. Na tusiseme kwamba elimu ya jambo hili ilikosekana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha mwaka 1992 uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa njia ya kompyuta, miaka 4 kabla ya Pilot ya kwanza. Elimu ilikuwapo, haikualikwa.

Hapana budi kusema pia kwamba kitenzi hikihiki, kikipewa haki yake, kinafaa kifaa kidogo kuliko vitenzi vya lugha nyingi. *Nitakupigia* ni sentensi kamili kwa herufi 11: mtenda, wakati, mtendewa na tendo. Saa inayompa mvaaji majibu mafupi ya kuchagua ingeweza kuwa na majibu kumi ya namna hiyo, kila moja neno moja, bila kuvunja mstari. Mara nyingi kinachopatikana ni tafsiri ya majibu ya lugha nyingine, yenye maneno matatu au manne, yanayokatwa ukingoni mwa kioo.

Tatu, sauti. Saa haina kibodi ya maana. Aliyeivaa husema nayo. Mwaka 2017 Google waliongeza Kiswahili katika lugha za kuandika kwa sauti, na Mozilla nao wamekusanya sauti za Kiswahili zinazotolewa kwa hiari na umma katika mradi wa Common Voice. Hatua hizi ni za kupongezwa. Lakini mashine hufunzwa kwa sauti ilizopewa, na swali la mwanalahaja ni lilelile la siku zote: sauti za nani? Mzee wa Lamu akisema *ndoo* anamwita mtu aje. Mashine iliyofunzwa Kiswahili sanifu pekee itaandika chombo cha kutekea maji. Akitaja *ndia*, haitajua kwamba anapita njiani. Ikiwa kifaa kinasahihisha lahaja papo hapo, bila kuacha sauti ya asili, basi mkusanyaji wa lahaja amebeba mfukoni mhariri asiyemwalika, tena mhariri asiyeonyesha alichokifuta.

Mafanikio hayakukosekana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, kazi ambayo ilionyesha kwamba programu yenye msimbo wazi inaweza kusemeshwa Kiswahili na wenye Kiswahili. Ilikuwa kazi ya mezani. Mafunzo yake kuhusu istilahi bado hayajahamishwa hadi mkononi kwa kiasi cha kutosha.

5. Uhai na mauti ya mfumo

Mhakiki wa fasihi huuliza kazi itaishi muda gani. Swali hili ni zito zaidi kwa mifumo, kwa kuwa mfumo ukifa huweza kuzikwa pamoja na yaliyomo. Symbian, iliyoundwa mwaka 1998 kwa ushirika wa Psion, Nokia, Ericsson na Motorola, ilitokana na mfumo uliotungwa kwa uangalifu mkubwa usipoteze data hata betri ikiisha. Mwaka 2011 Nokia waliiacha kwa ajili ya mfumo wa Microsoft wa simu, ambao nao ulikoma kuhudumiwa kufikia mwanzo wa mwaka 2020. Kampuni ya Pebble ilifungwa mwaka 2016, na ni mwaka 2025 tu msimbo wa saa zake ulipowekwa wazi.

Mfano unaotugusa kwa karibu ni KaiOS, mfumo wa simu za vitufe uliozaliwa kutokana na Firefox OS ya Mozilla. Mwaka 2019 uliuzwa Tanzania katika simu iliyoitwa Smart Kitochi, jina zuri lililochukuliwa kutoka vinywani mwa watu, ambao simu ndogo yenye tochi walikwisha kuiita hivyo. Vitufe, betri inayodumu, bei ya chini: kwa mkono na kwa macho mfumo huu ulikuwa na mengi ya kusifiwa. Lakini mwaka 2024 WhatsApp iliondolewa katika duka lake, na simu nyingi zilipoteza sababu ya kununuliwa. Uamuzi huo haukufanywa Dar es Salaam wala Nairobi. Kuchagua mfumo ni kuchagua pia ni mlango wa nani utakaofungwa bila kuulizwa.

6. Hitimisho

Je, idara ichague nini? Mhakiki asiyetoa hukumu hajafanya kazi yake. Kwa ukusanyaji wa lugha na fasihi simulizi nyanjani, tunaona kwamba kwa sasa inafaa simu ya kawaida ya Android. Hatusemi hivyo kwa sababu ya macho: katika hilo inashindwa na Palm ya mwaka 1996, kwani imejaa makelele ya taarifa ambayo mkusanyaji hana budi kuyazima kabla hajakaa mbele ya mzee. Tunasema hivyo kwa sababu katika ulimi na katika uhai imeacha mlango wazi. Kibodi yake inaweza kubadilishwa kwa nyingine inayojua Kiswahili. Msingi wa msimbo wake uko wazi. Zaidi ya hayo, hubeba programu kama ODK, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008 na kutumiwa mapema na mpango wa afya wa AMPATH huko Eldoret. Fomu zake huweza kuandikwa kwa lugha zaidi ya moja, na data yake hutoka katika umbo linalosomeka na mashine yoyote. Saa, kwa upande wake, ibaki kuonyesha wakati mpaka iweze kuhifadhi sauti kama ilivyotamkwa.

Hata hivyo hukumu hii ni ya muda, kama mifumo yenyewe ilivyo ya muda. Linalodumu ni maswali na mpangilio wake. Kamati ya ununuzi huanza na bei na kasi, kisha, nafasi ikibaki, huuliza juu ya lugha. Tunapendekeza mpangilio huo ugeuzwe. Kabla ya kununuliwa vifaa hata vitano, mwanafunzi mmoja akae mbele ya fanani mmoja kwa saa nzima na kifaa kimoja, na mwalimu wake aangalie mambo matatu: ni mara ngapi macho yaliondoka kwa msimulizi, *ng'* ngapi zilipotea, na ni maneno mangapi ya mzee yalibadilishwa na mashine. Jaribio hilo halihitaji fundi wala bajeti. Fundi atakuja baadaye kutuambia kuhusu betri, nasi tutamsikiliza kwa heshima. Lakini atatukuta tumekwisha kukaa mezani.